Mama Doreen, Karavani Imefika Jeddah

Mama Doreen,

Ni mimi. Usishtuke kuona naandika. Unajua mkono wangu ni mzito kwa kalamu, barua zote za nyumbani ulikuwa unaandika wewe. Lakini haya sitaki kumwambia mtu mwingine.

Niko Jeddah. Mji wako. Nimeleta karavani ya bosi kutoka Riyadh, ile ile ndefu ya kuvutwa na gari. Nilipoiegesha nikazima gari, nikakaa tu kwa usukani. Joto la hapa linashika mwili kama nguo imeloa. Ulikuwa unaniambia hivyo kwa simu, nami nasema unadeka. Hukuwa unadeka.

Nywele zangu ni ndefu. Tangu ufe sijakata. Unajua kwetu, mwenye kufiwa ananyolewa nyumbani, karibu na kaburi, mbele ya watu wake. Siku ya kunyoa walinyolewa wote. Doreen. Mama yako. Ndugu zangu. Mzee wa ukoo akasema Baba Doreen asiguse wembe huko ugenini, atanyolewa akifika. Basi nangoja. Mutiso, yule Mkamba tunayeishi naye chumba kimoja, anasema, "Baba Doreen, ukipita mtaa wa Batha vinyozi wanakufuata kama wewe ndio mshahara." Nacheka. Baadaye sicheki.

Ulipokufa bosi alikuwa safari, na bila yeye kukubali mimi sitoki nchi hii. Wewe ulienda nyumbani kwa ndege, ndani ya sanduku, mimi niko Riyadh napakua mahema. Kaburi nimeliona kwa picha ya simu. Nikatafuta mahali pangu pa kusimama kwa ile picha. Alikuwa amesimama binamu yako.

Hujui nilivyopata habari. Madam wako wa kazi ndiye alipiga. Akaongea Kiarabu kirefu, mimi sishiki kitu, nasema tu na'am, na'am. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Pole sana." Wewe ndiye ulimfundisha hayo maneno. Nikajua.

Unakumbuka tulivyokuwa wajinga? Wewe ulitangulia, ajenti wa kazi za Saudi alipokuja na gari la spika pale sokoni, wasichana wanapanga laini kama siku ya kura. Mimi nikafuata kwa sababu yako. Nikamwuliza ajenti, Riyadh na Jeddah ni mbali? Akasema, "Si ni Saudi hiyo hiyo!" Tukajua ni kama Kakamega na Kisumu. Nikakuambia Jumapili nitakuja tule ugali. Ukasema, "Njoo na mboga, huku ni wali kila siku." Nilipouliza pale Batha, Riyadh, basi la kwenda mtaa wako wa Aziziya, Jeddah, na kurudi jioni, watu walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Kumbe kuna jangwa lote hilo katikati. Tukawa nchi moja, na sauti yako naipata kwa simu kama tu nikiwa Kakamega.

Mara moja tu tulionana. Ni hii karavani ilinileta.

Wewe madam hakuruhusu utoke, ila kutupa taka. Ukaniambia pipa liko kona, nije baada ya alasiri. Nikaja na nyumba nzima nyuma yangu, barabara yote ya Aziziya ikajaa. Mzee mmoja akatoa kichwa dirishani, anataka niondoke, "Yalla! Yalla!" Nikafungua boneti nikajifanya injini imekataa. Ukatoka na mfuko wa taka. Ulikuwa umekonda. Ukaiangalia karavani kutoka kichwa mpaka mkia.

"Baba Doreen, hii ndio nyumba uliniahidi? Mbona ina magurudumu?"

Nikafungua mlango, ukapanda. Ukakaa pembeni ya kitanda. Ukafungua kabati za jikoni. "Sufuria tatu tu! Hapa naosha, napika, na mchana nalala." Hiyo ndiyo nyumba pekee tumewahi kuingia pamoja nchi hii. Halafu ukashuka ukaenda. Nikasema basi. Mara umetoka tena na mfuko mwingine, ndani ni maganda ya vitunguu peke yake. "Leo kwa madam kumechafuka sana." Mara ya tatu ukatoka na boksi tupu. Ukaninyooshea kola. Yule mzee bado anapiga kelele dirishani, nami nilitaka apige kelele mpaka kesho.

Ngoja nikuambie ya safari.

Bosi aliporudi nilimwomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Akasema msimu uishe kwanza. Unawajua, baridi ikiingia wanaenda kulala jangwani na watoto na majiko na taa. Msimu ukaisha. Akasema, "Peleka karavani Jeddah, watoto wanataka bahari. Fika mapema, nina wageni. Ukifika, ruhusa yako iko."

Hii karavani haifungwi nyuma kwa bampa kama zile ndogo. Shingo yake inapanda juu, inalala ndani ya bodi ya pikapu, inashikwa na sahani kama trela ya lori. Kwa barabara inatulia vizuri, haitupi mkia. Lakini uzito wote uko mgongoni mwako. Na pikapu ya bosi ni ya petroli. Mimi lori nilizofanya utanboi, kupakia na kumsaidia dereva, zote zilikuwa za dizeli. Dizeli inavuta kama ng'ombe, haina maneno. Petroli ni mbuzi. Ukiibebesha inapiga kelele nchi nzima isikie. Bosi hataki dizeli, anasema inanuka. Basi jangwani mimi na Mutiso tulikuwa tunaenda na kelele, upepo unatupiga kwa mbavu, kila kituo cha petroli tunaingia. Mutiso anasema, "Hii inakunywa kuliko mjomba wangu."

Kupanda si kubaya. Ni kushuka. Kutoka Taifu mlima unaanguka, kona juu ya kona. Lori ya dizeli ina breki yake ya injini, inajizuia. Hii unaweka gia ndogo, injini inalia, na bado karavani inakusukuma inataka ikutangulie. Nikaanza kusikia harufu ya breki. Mutiso akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Simu ikalia. Bosi. Wageni wamefika, niko wapi? Mutiso akasema, "Twende tu bwana. Ukichelewa huyu atakunyima ruhusa, namjua." Alikuwa anasema ukweli. Nilitaka kwenda. Nilitaka kufika kwako hata kama ni kwa kuanguka.

Halafu nikaona Doreen ananyolewa mara ya pili, sasa kwa ajili yangu.

Nikaegesha. Nikaweka mawe kwa magurudumu, nikakaa chini. Breki zinatoa moshi. Mutiso akanung'unika, akachemsha chai kwa jiko la bosi, tukanywa. Zilipopoa tukashuka kidogo, nikaegesha tena. Simu ikawa inalia, nikaiacha ilie. Chini tukazunguka Makka kwa ile njia yetu sisi wasio Waislamu. Tulipofika Jeddah wageni walikuwa wamekula wamemaliza.

Bosi akanifokea mbele yao. "Halas! Mafi ijaza!" Basi, hakuna likizo. Nikaweka ufunguo juu ya meza. Nikatoka nikakaa chini, mgongo kwa gurudumu la karavani. Mutiso akaja, "Simama, bwana, atakupeleka polisi." Nikamwambia anipeleke. Miguu ilikataa, Mama Doreen. Sikuwa nagoma. Ilikataa tu.

Asubuhi mama yake bosi akatoka. Ni bibi kizee, anatembea na fimbo. Akanionyesha kichwa na ile fimbo. "Wewe, mbona uko kama jini?" Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuvunjika. Mke wangu amekufa. Nywele, mpaka nyumbani. Kaburi sijaona. Nilifikiri atacheka. Akaniuliza jina lako. Nikamwambia Rose. Akasema kuwa mzee wake alipokufa, yeye alikaa eda ya ujane ndani ya ile nyumba mpaka zikaisha siku zake zote, na mtu asingethubutu kumtoa kabla.

Akaingia ndani. Nikasikia fimbo inagonga sakafu, na sauti yake, na ya bosi sikuisikia kabisa. Mtu mkubwa vile, mbele ya mama yake ni kama Doreen amevunja kikombe.

Nimepewa pasipoti. Imepigwa muhuri wa kutoka. Ndege ni keshokutwa.

Nilifikiri nitafurahi. Nimefurahi. Lakini nikuambie neno moja. Hii ruhusa nimeipigania nikanyolewe, na najua kunyolewa ni nini. Wembe ukipita, watasema Baba Doreen sasa yuko huru, amemaliza. Shangazi hajangoja hata wembe. Ameniuliza kwa simu napenda mke wa Mbale au wa Kitale. Nikakata simu, nikasema ni network. Mimi sitaki wa popote. Mimi nataka wewe utoke kwa ile nyumba na mfuko mwingine wa taka.

Lakini hutatoka. Najua. Usiku nasahau, asubuhi najua tena.

Doreen amekuwa mrefu, wanasema ana miguu yako. Anauliza kama mama alikuwa anacheka huku. Nitamwambia ulicheka. Nitamwambia ya maganda ya vitunguu.

Sitarudi Saudi kuvuta nyumba za watu. Mutiso anasema nitarudi, wote wanarudi. Labda. Leo nasema sitarudi, kaa na hilo.

Na nakuahidi hivi. Nikishuka kwa gari sitaingia nyumbani kwanza. Sitakunywa hata maji. Nitamshika Doreen mkono tuje hapo ulipo, tukae chini, mchana mzima, nywele zangu zikiwa vile vile. Nikuambie yale kalamu imekataa. Nilie, maana huku sijalia, huku tunalala watu sita chumba kimoja.

Wenye wembe wakija mapema, wakae kwa kivuli. Wapewe chai. Watangoja mpaka mimi na wewe tumalize.

Kwaheri, mke wangu.

Baba Doreen