Pua ya Mama

Jumatatu, 2 Juni

Nimekaanga unga tangu asubuhi. Macho yanawasha. Mama mkwe yuko kwenye kigoda chake, ananiambia geuza, Nyar Sondu, geuza. Binti wa Sondu, nilikozaliwa. Tangu niolewe hapa Kombewa hajaniita jina lingine. Kupika busaa, pombe ya boma hili, alifundishwa na mama mkwe wake, naye alifundishwa na wake. Sasa mimi. Na sijawahi kuionja. Kanisa langu linakataza pombe, na Mama hajanisumbua hata siku moja. Nampenda kwa hilo.

Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja wakwe wa Atieno, kitinda mimba wa Mama, kuleta mahari. Pombe ya siku hiyo Mama anataka kuipika mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni

Wazee wamekuja kunywa kama kawaida. Mzee Owuor, jirani yetu, amemwaga nusu ya kikombe chake nyuma ya ua. Alidhani hakuna anayemwona. Nilipoosha mtungi nikasikia harufu ya uvundo. Mama aliinama juu ya mtungi huohuo leo asubuhi, akavuta pumzi, akasema imeiva vizuri.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemfuata Mzee Owuor njiani. Nikamuuliza kwa nini aliimwaga pombe. Mwishowe akasema pombe yetu imeharibika tangu Pasaka.

"Na mnakunywa?"

"Tunakunywa. Nani atamwambia?"

Nimelia nikirudi. Kabla ya Pasaka Mama alishikwa na homa mbaya.

Ijumaa, 6 Juni

Nimefanya jambo baya. Nimeacha maharagwe yaungue makusudi. Mama alikuwa karibu na jiko, akinisimulia ukoo wa hao wakwe. Sufuria ikawa nyeusi. Moshi mwingi. Macho yalimtoka machozi, lakini hakuuliza kinachoungua. Akaendelea tu na ukoo.

Nimempigia mume wangu, yuko kazini Kisumu. Anasema nimwache mamake, asiaibishwe. Kana kwamba mbele ya wakwe hataaibika.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Naogopa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeonja. Nimechota kidogo mtungini kwa kijiko. Ukungu mtupu. Nimetema. Kisha nikaenda nikakaa chini karibu naye kabla sijabadilisha nia.

"Mama, kimea chetu kimeoza. Pombe inanuka."

Nilidhani atanifukuza.

"Wewe hunywi. Umejuaje?"

"Nimeonja."

Akanitazama. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, hata mama aliyenizaa. Akasema tangu ile homa hasikii ladha wala harufu ya kitu. Si moshi, si sabuni, si mvua. Alificha kwa sababu aliogopa tungemweka mlangoni kama mgeni, akae tu aletewe chai. Nilipomwambia wazee walijua na walikuwa wakinywa tu, alijifunika uso kwa leso. Nikamshika mguu.

Mitungi yote tumeimwaga.

Jumanne, 10 Juni

Nimeenda Sondu kununua kimea kipya. Nimenusa magunia mpaka wauzaji wakanicheka. Jioni tumekichanganya na unga. Mama anapima uzito wa uji kwa mkono. Mimi nanusa.

Alhamisi, 12 Juni

Amenifundisha kuweka sikio kwenye mtungi. Anasema pombe nzuri inanong'ona, mbaya inakaa kimya. Nimesikia. Vipovu vidogo, kama mtu anayechemsha maji nyumba ya pili. Tumecheka sote wawili, vichwa vimegusana.

Jumamosi, 14 Juni

Wakwe wamefika. Watu wazuri, wanaongea sana. Mzee Owuor alipewa kikombe cha kwanza. Nilisimama jikoni, nikichungulia mlangoni. Alikunywa yote, akapangusa mdomo, akanyoosha kikombe kiongezwe. Wakwe wakamsifu Mama.

Mama akasema, mbele ya wote, "Hii ni ya Nyar Sondu. Msinisifu mimi."

Mahari ya Atieno imepokewa vizuri. Nimechoka kabisa. Nina furaha.

Jumapili, 15 Juni

Sikuenda kanisani leo. Nimelala hadi jua lilipokuwa juu. Watu wote wameondoka. Mama alikuwa peke yake kando ya mtungi uliobaki. Akanisogezea kigoda.

"Niambie. Inanukaje?"

Nimeinama. Nimemwambia kama mkate uliotoka tu kwenye moto. Kama punje za wimbi zilizolowa. Na chini kabisa kuna uchachu, kama ndimu iliyokatwa chumba kingine.

Akafumba macho.

"Endelea," akasema.