Swali la Mama Kuhusu Sweta

Nekesa mjukuu wangu,

Sasa? Huku Kawangware tuko salama. Babu yako siku hizi anatembea bila mkongojo, na mamako amepata duka karibu na barabara.

Umeniuliza kwa nini, katika utafiti wangu wote wa teknolojia na ukuaji wa uchumi, niliwafuata sana watu waliopoteza kazi.

Nikiwa chuoni niliandika tasnifu kuhusu mashine za kufuma sweta zilizoingia Kibera. Sweta ziliongezeka, nami nikaandika kwamba mafundi walifaidika. Mama yangu alikuwa amefuma sweta za shule kwa mkono pale Lindi, humo humo Kibera, mpaka mashine zilipokuja. Nilienda kumsomea, nikijivunia. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Umefanya kazi,” akasema. “Na mimi umeniandika wapi?”

Sikuwa nimemwandika. Niliwahoji wenye mashine peke yao.

Mwalimu wangu alikasirika, lakini sikuiwasilisha tasnifu ile. Nilirudi Lindi kuwatafuta waliokuwa wakifuma kwa mkono, nikaanza na Mama. Nilipomuuliza kazi yake, alinyoosha kidole kwenye daftari langu.

“Andika fundi,” akasema.

Nikaandika fundi.

Nyanya yako