Mafiga ya Mama Rahab

Njoro, Jumapili, Oktoba 2008

Mama Nafula,

Miezi saba imekwisha tangu niwaache hapo Kimilili, na najua umeshachoka kumwambia Nafula kwamba baba yake yuko njiani. Niambie kwanza, kile kifua cha mtoto kimepoa? Na Mama bado anaburuta mguu, au ile dawa ya kuchua imemsaidia? Mimi mwili uko. Moyo ndio umechacha.

Usishangae kuona barua hii haitoki Nakuru mjini. Kazi niliyokuwa nayo huko nimeiacha, au imeniacha, na nataka uyasikie kutoka kwangu kabla ndugu yako hajakuletea ya kwake.

Kulikuja maonyesho yanayozunguka nchi kwa nchi, picha na vitu vilivyotengenezwa na wasanii walioguswa na vita. Yakapewa ukumbi mmoja mjini. Kwa sababu nilikaa miaka mingi kwenye mashine za mbao Elburgon, nikachukuliwa kufungua makasha na kutundika. Nilipangwa kazi pamoja na mtu mmoja anaitwa Cheruiyot. Kwa jina hilo unajua yeye ni wa upande gani katika zile fujo za Januari baada ya uchaguzi, na yeye alijua mimi si wa upande wake. Tulifanya kazi tukiambiana "inua" na "shusha" tu. Siku moja akanitazama nikigongelea ubao akasema, "Wewe mtu wa mbao, huo msumari unaupiga ama unaubembeleza?" Nikamwambia ashike upande wake anyamaze. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Vitu vyenyewe sikuvipenda. Kulikuwa na kitanda cha mtoto kilichosukwa kwa seng'enge. Kulikuwa na picha ya familia mezani, wote hawana nyuso. Watu wa mjini walipita mbele yake na glasi za juisi wakisema, "Hii ni nzito sana." Halafu wanageuka kutafuta sambusa. Mimi niliiona nyumba yetu ya kupanga ikiungua na sufuria zako ndani. Sikuhitaji mtu anipakie rangi ndipo nijue ni nzito.

Msanii mmoja alikuja mwenyewe. Sisi tulimwita Mgeni tu. Walisema mji wake ulibomolewa kwa mabomu, na alitaka kutengeneza kitu kwa mabaki ya hapa kwetu. Basi wenye maonyesho wakatuma lori huku mashambani juu ya Njoro, kwenye maboma yaliyochomwa. Likarudi na mabati yaliyokunjamana, fremu ya baiskeli, na mawe matatu meusi ya kupikia. Mgeni akayapanga yale mawe katikati ya ukumbi na kuwasha balbu nyekundu chini yake.

Cheruiyot alipoyaona akarudi nyuma.

"Hayo ni mafiga ya mtu. Nani ameyang'oa?"

"Si nyumba yenyewe iliungua?" nikamjibu.

"Nyumba inaungua. Mafiga hayaungui."

Akanieleza, na ilikuwa mara ya kwanza aniambie maneno mengi hivyo. Huku kwao, na hata kwa majirani wanaochukiana nao, mafiga yakikaa mahali pake, mwenye jiko ametoka tu. Anaweza kukaa nje mwaka, hakuna wa kumwambia kitu. Yakiondolewa, amehama, na hapo mahali hana neno tena. Hayaondolewi na mtu mwingine. Nilimsikia lakini sikulitilia maanani. Nilikuwa na makasha ya kumaliza.

Siku ya ufunguzi wakaleta akina mama wa kambi ya waliofukuzwa makwao kwa lori, wapewe soda na kupigwa picha wakiwa wageni wa heshima. Mmoja wao ni mjane, jina lake Mama Rahab. Ni mwembamba, sauti yake ndogo, lakini ukimgusa pabaya utajuta. Alifika kwenye ile balbu nyekundu akasimama. Akainama, akapitisha kidole kwenye jiwe moja lililolika ubavuni.

"Hapa ndipo Mzee wangu alinolea panga," akasema. "Haya ni mafiga yangu."

Msimamizi wa maonyesho, tuliyemwita Madam, akaja mbio. "Mathe, usiguse. Hiyo ni kazi ya msanii."

"Kazi ya nani? Mimi ndiye nimepikia hapo tangu niolewe!"

Akasema yote mbele ya watu. Kwamba majuzi alitoka kambini kwenda kuliona shamba lake, na jirani, aliyekwisha kuingiza ng'ombe na kuanza kuchimbia nguzo za ua, akamcheka: "Si wewe ulihama? Kama hukuhama, mafiga yako yako wapi?" Akarudi kambini. Alidhani wameyatupa mtoni. Kumbe yako hapa yanawashiwa taa.

Mgeni alipotafsiriwa maneno hayo alilia, sitamsingizia. Alimshika mama yule mikono yote miwili. Kisha akamnong'oneza mkalimani, na mkalimani akauliza kama Mama Rahab anaweza kuketi kando ya mawe apigwe picha. Hapo damu ikanichemka.

Madam akaleta lugha ya kubembeleza. Maonyesho yanaenda mji mwingine, halafu nchi nyingine, dunia nzima itajua mateso yake. "Na sisi tutakuletea mawe mengine, mathe. Mazuri, hata ya kuchongwa."

"Basi niletee na mume mwingine," Mama Rahab akasema. "Naye awe wa kuchongwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliketi chini, akayakumbatia mawe yale akiwa na nguo yake ya kanisani.

Madam akatugeukia mimi na Cheruiyot. "Boss, mtoeni huyu mama hapo."

Tukaenda. Mama Nafula, nilikuwa naijua kazi yangu, na nilijua nyumbani mnaitegemea. Lakini nilipoinama sikumshika yule mama. Nilishika jiwe. Cheruiyot akachukua la pili bila kuniuliza. Lile la kunolea panga Mama Rahab alilibeba mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Mlangoni soja akatuzuia. Cheruiyot akamwambia, "Ama ubebe, ama usonge." Akasonga. Madam alipiga kelele nyuma yetu kwamba hatutapata kazi tena katika mji huu. Nikamwambia, "Madam, mji huu ulishaniambia hivyo Januari." Na Mgeni alitufuata akitupiga picha mpaka barabarani. Laiti ningekuwa na mkono wa tatu.

Pikapu ya kabichi iliyokuwa ikirudi tupu ikatubeba mpaka shambani kwa Mama Rahab. Jirani tulimkuta kwenye ua wake mpya, mikono kiunoni.

"Mawe ya nani hayo?"

"Ya jiko langu. Yalikuwa safarini."

"Na hawa?"

"Ni mafundi wangu. Wanajenga."

Tulitazamana na Cheruiyot. Hakuna aliyetuajiri. Mama Rahab akayapanga mafiga yake pale pale kwenye majivu, akayatikisa kuona kama yamekaa, akawasha moto. Jirani akasema na Cheruiyot kwa lugha yao, maneno marefu. Cheruiyot akajibu kwa mafupi. Nikamuuliza baadaye wameongea nini.

"Ananiuliza kama nimeuza damu yangu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia aondoe ng'ombe."

Basi tunajenga. Tunasimamisha nguzo mchana, tunakuta nyingine zimeng'olewa asubuhi, tunasimamisha tena. Hakuna anayetusalimu njiani. Juzi watu walikusanyika kwenye ua na marungu, wakatutazama kama mtu anavyotazama mbwa wa jirani, wakaondoka. Mimi pia nawatazama hivyo hivyo. Sijasamehe mtu, usije ukaambiwa kwamba nimekuwa mchungaji. Cheruiyot mwenyewe simpendi sana. Anakoroma na anajua kila kitu. Lakini bila yeye wangekuwa wameshanifukuza, na bila mimi hakuna anayejua kupiga paa.

Malipo ni viazi na uji. Sina cha kukutumia mwezi huu, na wa kesho usinisubiri. Najua utakasirika. Kasirika, una haki.

Msalimie Mama, na kaka yangu anayewachungia ng'ombe, na yule mwalimu jirani anayekusomea barua hizi. Mwambie asome kwa sauti yake ya kawaida, asiniigize. Nafula mwambie nimemsikia akiniita.

Umeniuliza nakuja lini. Siwezi kumwachia mjane kuta zisizo na paa. Wataichoma nyumba kabla sijafika stendi. Nitakuja wiki ya Krismasi, nyumba hii ikiwa na mlango, na komeo lake likiwa upande wa ndani.

Ni mimi, mumeo, nikiwa na moshi wa jiko la mtu mwingine machoni,

Baba Nafula