Sato Wachanga Sufuriani

Sirari, Jumamosi usiku

Afadhali angenigombeza. Shangazi Bhoke alikula ugali kwa mboga ya mgagani tu, samaki hakuwagusa.

Mimi ndiye niliyemwomba kwenye semina niliyoiendesha ya kulinda samaki, mbele ya wanawake wote wa soko la samaki, aache kuuza sato wachanga wanaovuliwa ziwani kabla hawajazaa. Akanisikiliza. Wateja wake wakahamia meza ya jirani yake, Robi, ambaye hakuacha kuwauza.

Leo nilichoka, nikapita kwa Robi nikanunua waliokwisha kukaangwa. Nilijiambia ni mara moja tu. Nilikuwa nasonga ugali shangazi alipobisha hodi. Nikamwamkia shikamoo huku natafuta kifuniko cha sufuria ya samaki.

Akachungulia. “Hawa ni wa Robi?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Wadogo hivi.”

Nikaanza kueleza habari za uchovu, halafu nikaacha, nikamletea maji ya kunawa.

Alinawa, akala, akashukuru kwa chakula. Nilipomsindikiza nikamuuliza kama sasa atarudi kuwauza.

“Hapana,” alisema. “Mimi nilikuelewa.”

Kuwala wale samaki nimeshindwa. Kuwatupa nako naona aibu.