Usije Kumfunda Mwanangu

Somo yangu Bi Kidawa,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alinilea vizuri, si kwa sababu moyo umependa.

Nimesikia kwamba utatoka huko Muheza uje Makorora kumfunda binti yangu Rukia, maana harusi yake imekaribia. Usije. Ningeweza kumtuma mtu akwambie faraghani, lakini wewe ulinisema barazani, basi nami nakusema mbele za watu, kwa barua hii ya wazi.

Unakikumbuka chumba kile cha Ngamiani ulimonifunda mimi? Ulinipaka liwa, ukanionyesha namna ya kufukiza udi, na masihara yako yakanichekesha hadi nikasahau kulia. Nilikupenda, sikatai. Asubuhi moja ukaniona natema damu nikipiga mswaki, ukanipokonya.

"Fizi zikitoa damu hazisuguliwi," ulisema. "Tafuna tambuu. Mate yakiwa mekundu, mume atajuaje damu ni ipi?"

Nikatafuna miaka na miaka. Mume wangu akasifu midomo yangu, na huku ndani fizi zinavimba, zinarudi nyuma, meno ya mbele yanacheza. Nilipokufuata unisaidie, uliniongezea karafuu za kuua harufu, ukanionya nisithubutu kwenda hospitali, eti watanichana fizi nirudi kibogoyo. Siku jino lilipobaki ndani ya kipande cha mkate wa kumimina, mbele ya mawifi zangu, wewe ulikuwapo. Jioni ukakaa barazani ukiwahadithia watu kwamba mwali wako ni mchafu wa kinywa. Hilo sijakusamehe, na sioni siku nitakayokusamehe.

Nikaenda hospitali. Sikuchanwa popote, Somo. Daktari alinipiga sindano ya ganzi, akakwangua ukoga uliogandamana chini ya fizi, upande mmoja siku ile na mwingine niliporudi. Akanieleza kwamba ile damu ilitaka nisugue vizuri zaidi, na kwamba tambuu ilikuwa inanimaliza. Nikaiacha. Napiga mswaki taratibu asubuhi na kabla ya kulala, napitisha uzi katikati ya meno, na daktari hunitazama kila anaponipangia. Damu imekoma. Meno yaliyobaki yametulia, ila fizi zilizorudi nyuma hazikurejea, na pengo liko palepale. Kila nikicheka nakukumbuka, na si kwa wema.

Juzi nilimkuta Rukia uani anasukutua, maji yanatoka mekundu. Akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kuficha.

"Nilikuwa nakuona wewe, mama," akasema.

Nilikaa palepale kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Hujamgusa bado, na tayari umeshamfikia, kupitia kwangu. Nilikuchukia, Bi Kidawa, nikalia kwa chuki.

Kisha nikamshika mkono, nikautoa kwenye midomo yake, nikamwambia afungue kinywa. Akafungua. Nikaziona fizi zake nyekundu, zimevimba, meno yote bado yapo.

Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari. Mwanangu ataketi kwenye kile kiti, ataachama, na mimi nitasimama pembeni kuhakikisha hafichi kitu. Wewe baki Muheza na tambuu yako.

Aliyekuwa mwali wako,
Mama Rukia