Malango Yanayosema Yamefungwa

Clarrie, usicheke. Asubuhi nilikuwa najaribu lango moja tu la mafuriko.

Programu inayoendesha malango ikiwa inaendelea kufanya kazi, nikaliunganishia klasi ya Mazoezi, yaani fungu la maagizo ya kujaribia, linalofanya lango liseme limefungwa bila kusogea. Kumbe sikugusa lango moja. Niligusa klasi ya malango yote, maagizo ambayo kila lango huyafuata!

Noelene wa zamu akapiga simu: "Mzee, kompyuta inasema yote yamefungwa. Mbona maji yako uwanja wa kriketi?"

Nikamwambia haiwezekani, mimi nina cheti.

"Basi kayaonyeshe maji hicho cheti!"

Clarrie, yote yanasema yamefungwa. Yote yako wazi.

Noelene anayafunga kwa mkono, moja moja. La kwenu atalifikia mwisho. Mchukue mwenzako Beryl, pandeni kilimani sasa hivi.