Misuko ya Akinyi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimesuka vichwa viwili leo, kimoja cha mtoto. Alilia mpaka sikio langu likaziba. Binti yangu Akinyi yuko ndani, karatasi meza nzima. Miaka minne chuoni, hisabati tupu. Shule ya Masara wanataka mwalimu, yeye anasema ngoja.
Nimechungulia hizo karatasi. Misuko. Nimesuka vichwa vya mji huu wa Suna ili huyu mtoto asisuke, halafu chuo kinamfundisha kuchora misuko. Aki ya Mungu nimechoka.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemuuliza. Anasema kuna vitu vidogo kuliko vumbi. Vikipishana mahali bapa kabisa, njia zao zinakaa kama msuko, na ukibadilisha kipi kilipita mbele, mambo yanabadilika. Watu wa hisabati waliandika sheria za misuko zamani, bila kujali zitafanya kazi gani. Sasa watu wa fizikia wanazihitaji.
Umeviona? Hajaviona. "Mama, hata upepo hujauona." Majibu ya chuo hayo.
Ijumaa atahojiwa kwa simu ya video na chuo cha ng'ambo. Wakimchukua ni miaka mitano. Nani atajua kama amekula?

Jumatano, 6 Agosti
Mteja wangu Mama Awuor alitaka kusukwa kwa uzi, ana matanga Homa Bay. Uzi umeisha. Nikaona kadibodi ya Akinyi ukutani, nyuzi zangu nyeusi zimefungwa juu na chini, zimepindana ovyo. Kumbe mwizi ni huyu. Nikafungua zote, nikamaliza kichwa.
Kumbe ile kadibodi ilikuwa ya kuonyesha kwa simu Ijumaa. Akinyi akaishusha kadibodi tupu ukutani. Afadhali angenipigia kelele. Mama Awuor ashapanda gari, kazi ya mtoto wangu iko kichwani mwake.
Kwa nini hakuniomba uzi? Na mimi kwa nini sikuuliza? Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimenunua uzi mwekundu, mweupe, mweusi. Lete michoro, nikamwambia. Huu juu, huu chini. Wateja wawili nimewarudisha.
Msuko wa sita nikaacha. Unanisumbua bure, nikamwambia, huu ni ule wa pili. Akasema michoro yake haifanani. Nikashika uzi unaopita chini ya wenzake wawili, nikauvutia upande wa pili wa pale wanapopishana. Ukawa ule ule. Msusi yeyote anajua.
Akaniangalia, akacheka na machozi. Hiyo ndiyo sheria anayotaka kuwaonyesha watu wa chuo kesho. Ameisoma mwaka mzima. Mimi naijua tangu niko na miaka tisa, na hakuna aliyenipa cheti.

Ijumaa, 8 Agosti
Saa nzima kwa hiyo simu. Nimefukuza kuku mara nne wasipige kelele. Kizungu chote, nimeshika neno "mama" tu.

Jumatatu, 18 Agosti
Wamemchukua. Anaondoka mwezi ujao. Nimefurahi, na nimekasirika, sijui na nani.
Mama Awuor amerudi na uzi kichwani, nikamwambia ulikuwa wa kazi gani. Anasema amebeba fizikia mpaka Homa Bay na hata nyama ya matanga haikumfikia. Nimecheka kwa lazima.

Jumanne, 19 Agosti
Nimeenda Masara mwenyewe. Nimewaambia watafute mwalimu mwingine.

Jumamosi, 13 Septemba
Anaenda kesho. Nimemsuka tangu asubuhi, mistari myembamba. Hakuniambia niharakishe. Ikitunzwa inakaa wiki sita.